Mzigo wa Wapagazi Watano: Mgodi wa Dhahabu wa Sekenke na Uchimbaji wa Wajerumani katika Uwanda wa Kati

1.0 Utangulizi

Historia ya madini katika Afrika Mashariki ya Kijerumani imezoeleka kusimuliwa kama orodha ya ugunduzi: nani aliona nini, wapi na mwaka gani. Orodha hiyo haielezi kwa nini baadhi ya madini yaliyogunduliwa yalichimbwa na mengine yakaachwa ardhini. Insha hii inajadili suala hilo kwa kulinganisha mgodi wa dhahabu wa Sekenke, uliopo Iramba katika uwanda wa kati wa Tanzania, na makaa ya mawe ya kusini. Hoja kuu ni kwamba uwiano wa thamani na uzito ndio ulioamua hatima ya madini hayo, na kwamba uwiano huohuo uliamua pia aina ya kumbukumbu iliyobaki.

2.0 Makaa yaliyobaki ardhini

Katika miaka ya 1890 mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt alichunguza maeneo yanayozunguka Ziwa Nyasa, akathibitisha kuwapo kwa makaa ya mawe. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa Berlin mwaka 1900. Hata hivyo, kujua hakukutosha. Tani moja ya makaa, ikigawanywa katika mizigo ya kilo 25, ingehitaji wapagazi 40, nao wangetembea majuma mengi kufika pwani. Reli ya kusini iliyopendekezwa kuunganisha Kilwa na Ziwa Nyasa haikujengwa, na bila reli makaa hayakuwa na soko. Mgodi wa Kiwira ulifunguliwa mwaka 1988, miongo saba baada ya Wajerumani kuondoka.

3.0 Dhahabu iliyobebeka

Hali ya Sekenke ilikuwa tofauti. Dhahabu iligunduliwa huko, na uchimbaji ukaanza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati ilipita mbali upande wa kusini: ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa makaa, umbali kama huo ungekuwa kikwazo kisichovukika. Kwa dhahabu ulikuwa usumbufu tu. Nguvukazi nayo ilipatikana katika mazingira ya kodi ya kibanda, iliyotangazwa mwaka 1897, ambayo iliwalazimisha wenyeji wengi kutafuta fedha kwa njia ya kibarua.

Vita ilidhihirisha uwiano huo waziwazi. Uingereza ilipoifunga bahari, koloni lilikosa sarafu kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufua fedha, na dhahabu ya Sekenke ikatumika kutengeneza sarafu za rupia 15. Upande mmoja ulionyesha tembo mbele ya mlima, upande wa pili tai wa dola ya Ujerumani. Zilifuliwa sarafu 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa takribani gramu 7. Kwa jumla zilikuwa na uzito wa takribani kilo 116: mzigo wa wapagazi watano. Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na ufuaji huo ukakoma.

4.0 Uzito na kumbukumbu

Athari ya uzito kwa kumbukumbu inaonekana vizuri zaidi Ujerumani kwenyewe. Mgodi wa makaa wa Zollverein, mjini Essen, ulianzishwa mwaka 1847 na kufungwa mwaka 1986. Kwa kuwa makaa ni mazito, yalivuta reli, viwanda na makazi ya wafanyakazi kuyafuata yalipo. Mgodi ulipokufa, mji ulibaki, ukiwa na watu wa kuudai urithi wao. Mwaka 2001 Zollverein iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Sekenke haikuachiwa mji wa namna hiyo. Mgodi ulifufuliwa wakati wa utawala wa Waingereza, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba huko hadi leo, lakini zao mashuhuri la kipindi cha Wajerumani limo mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu ng'ambo. Sarafu hizo zimehesabiwa hadi ya mwisho. Juu yake wamo tembo, mlima na tai, mchimbaji hayumo.

Katika uwanda huohuo, michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ilitambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro hiyo haitenganishwi na mwamba wake, na wenyeji wanaendelea kufanya matambiko Mongomi wa Kolo. Hapo kilichohifadhiwa ni kitu pamoja na watu wanaokitumia.

5.0 Hitimisho

Kwa hiyo, uchache wa mabaki ya Wajerumani Sekenke usichukuliwe kuwa dalili ya udogo wa kazi iliyofanyika. Ni matokeo ya wepesi wa kilichochimbwa. Mtafiti anayepima umuhimu wa mgodi kwa majengo yaliyosalia ataipa Zollverein kurasa nyingi na Sekenke aya moja. Akianzia kwenye kodi, kibarua na mizigo, atalazimika kuwatafuta watu ambao sarafu iliwaacha nje.