Kushikamana na kujishikiza

Husemwa kwamba jino la kupandikiza “hushikamana” na ufizi. Kwa mfupa, sawa: Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuta titani, metali ya kutengenezea vipandikizi, imegandana na mfupa wa sungura, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza.

Ufizi ni habari nyingine. Kwenye jino la asili, nyuzi za kolajeni zitokanazo na seli za tishu unganishi huzama ndani ya simenti, tabaka gumu linalofunika mzizi. Titani haina simenti. Nyuzi nyingi hupita sambamba nayo au kuizunguka tu. Seli za juu za ufizi ndizo huigusa, kwa vishikizo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Bakteria wakipenya hapo, uvimbe waweza kushuka hadi kwenye mfupa na kuula.

Kiswahili kina neno la mshiko hafifu kama huo: kushikiza, kama fundi cherehani apigavyo nyuzi chache kabla ya kushona. Basi waandishi wa afya, tuandike kwamba mfupa hushikamana na kipandikizi, ufizi hujishikiza. Mgonjwa ataelewa kwa nini daktari anasisitiza ufizi unapogusa kipandikizi pasafishwe kila siku.