Lakshmi, Sita na Wayua: Jina Linamdai Nini Binti?

Wachunguzi wa majina wengi huishia kwenye fasili: Lakshmi ni mungu wa kike wa neema na mali, Sita ni mfuo wa plau. Fasili hizo ni sahihi, ila hazisemi jina linamdai nini binti aliyepewa. Nadai kwamba hapo ndipo maana ilipo, na kwamba majina ya mabinti wa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, yanatusaidia kuiona.

Kwa Wakamba, wenyeji wa huko, Mumbua ni aliyezaliwa mvua ikinyesha, Mueni aliyekuta wageni nyumbani, na Wayua ni binti wa njaa. Kyuso hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosekana, hata ndengu na uwele, mazao yanayostahimili ukame, hunyauka. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba mtoto wa Kikamba alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba akamvika mkufu wa chuma. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa bado ni wa mizimu.

Kwa Wahindu wa Kigujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa Kenya, mtoa jina kwa desturi ni foi, yaani shangazi, dada ya baba. Binti akizaliwa, watu husema Lakshmi ameingia nyumbani. Akiolewa, huitwa Lakshmi wa nyumba ya mumewe. Ni mapokezi yenye heshima, na pale ambapo mtoto wa kiume hushangiliwa zaidi yana thamani kubwa. Hata hivyo yamebeba sharti. Biashara ikianguka mwaka alioletwa bibi arusi, neema iliyotarajiwa kwake hugeuka lawama. Wala hakuna amwitaye mwanawe Alakshmi, dada wa Lakshmi aletaye nuksi, anayefukuzwa majumbani siku za Diwali. Sita naye, ambaye katika Ramayana, utenzi wa Valmiki, mfalme Janaka alimwokota shambani akilima, alitekwa, akapitishwa motoni, akafukuzwa akiwa mjamzito. Wapo wazazi wanaoliepuka jina lake, wakichelea binti asije akaurithi mkasa huo.

Ndiyo maana siafiki wanaoyaona majina ya Kikamba kuwa taarifa tu za hali ya hewa, mepesi mbele ya majina ya miungu. Wayua hatakiwi kuleta wala kuzuia chochote. Njaa haikuwa yake. Jina linashuhudia kwamba alizaliwa ndani yake na watu wake wakamlea. Na kwa kuwa Wakamba huwapa wajukuu majina ya bibi zao, Wayua wa leo aweza kuwa amezaliwa ghala limejaa, akaitwa kwa njaa ya miaka sitini iliyopita, bila yeyote kumwona mkosi.