Nani Aliyeshindilia? Baruti na Risasi Ndogo katika Bonde la Ufa la Kati

Ukitoka Lanet kuelekea mjini Nakuru, barabara kuu hupita kando ya Hyrax Hill, kilima ambako Mary Leakey alifukua makao ya watu wa kale mwaka 1937 na 1938. Miongoni mwa vilivyotoka ardhini ni zana ndogo za obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachopatikana kwa wingi Eburru, upande wa Naivasha. Katika pango la Gamble karibu na Elmenteita, Louis Leakey alikuwa tayari ameokota, katika miaka ya 1920, vipande vya jiwe hilo vilivyochongwa umbo la mwezi mwandamo. Vilibandikwa kwenye vijiti kwa ulimbo, vikawa ncha na makali. Jiwe lenyewe liliweza kusafiri mbali kwa kubadilishana, lakini kazi ya mwisho ilikuwa ya mtumiaji: aliyerusha ndiye aliyechonga.

Historia ya silaha katika bonde hili husimuliwa kwa bunduki, nani alikuwa nayo na nani alimpiga nani. Nadhani inasomeka vizuri zaidi ukiiacha bunduki ukafuata risasi. Nani aliitengeneza, nani aliijaza baruti, na nani aliyekuwa akizihesabu?

Waogiek wa msitu wa Mau waliendeleza desturi hiyo ya kale hadi enzi zetu. Podo la Mwogiek lilikuwa na mishale ya aina kadhaa, kila aina kwa mnyama wake, na sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti ilipakwa kwenye ncha za mishale ya wanyama wakubwa. Wafugaji nao walikuwa na njia yao ya kupambana na waharibifu, tena isiyohitaji kurusha chochote. Merrick Posnansky alipochimba Lanet mwaka 1957 alikuta mabonyeo ya duara yanayojulikana kama mashimo ya Sirikwa, ambayo wataalamu wengi leo huyaona kuwa mazizi yaliyozamishwa ardhini ili ng'ombe walale salama na fisi, chui na wezi wabaki juu. Vyungu vya huko vilipewa jina la Lanet katika vitabu vya akiolojia, kwa hiyo mtaa huu ulijulikana kwa wataalamu wa vigae kabla wengi wetu hatujausikia kwa sababu ya kambi yake ya jeshi.

Baruti ilikuja na misafara. Kufikia miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita Naivasha na Nakuru kwenda Baringo kutafuta pembe za ndovu. Mmoja wao, Jumbe Kimameta, alisafiri na Joseph Thomson mwaka 1883, na baadaye akawa na msafara wa Count Teleki. Wapagazi na askari wao wengi walibeba gobori, bunduki ya kushindiliwa mdomoni. Baruti hupimwa kwa kipimo au kwa jicho na kumiminwa ndani ya mtutu, kitambaa au makumbi hufuata, kisha gololi ya risasi au marisau, halafu mti wa kushindilia hushushwa mpaka kila kitu kikae sawasawa. Penye fataki, huwekwa mwisho. Ukizidisha baruti mtutu hupasuka usoni, ukipunguza ndovu hukasirika tu. Yaani kila askari wa msafara alikuwa fundi wa risasi zake, na wenzake walijua nani ana mkono mwepesi na nani wa kuepukwa.

Wakubwa wa Ulaya walilielewa jambo hili mapema kuliko tunavyowapa sifa. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotungwa kwa jina la kupiga vita utumwa, ulifunga uingizaji wa silaha katika Afrika yote kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini ulibakisha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa idhini ya serikali. Silaha ya kujishindilia aliachiwa Mwafrika. Ile inayokula risasi iliyofungwa kiwandani ilibaki mikononi mwa wenye viwanda.

Risasi hiyo ya kiwandani ilikuwa ndiyo kwanza imekomaa. Mwaka 1866 Edward Boxer, Mwingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni fataki ya kukaa kwenye kitako cha ganda la shaba. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyotoa moshi. Miaka mitano baadaye Waingereza wakatoa yao, kordaiti, iliyotengenezwa kwa umbo la nyuzi. Ganda, fataki, baruti na kichwa vikawa kitu kimoja, kikavu, cha kutiwa mfukoni. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, risasi hizo zilipanda nayo ndani ya masanduku kutoka Uingereza. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka nchi ya Naivasha na Nakuru, na walowezi wakaingia, Lord Delamere mbele yao, kwanza Njoro kisha Soysambu kando ya ziwa Elmenteita. Punda milia walivunja nyua na kula majani ya kondoo, na nguruwe mwitu na nungu wakafukua mashamba. Simba na chui waliandikwa katika kanuni za wakati ule kuwa waharibifu wasio na ulinzi. Orodha hiyo ya waharibifu ilikuwa ramani ya mashamba: mnyama aliyezuia uchumi wa mlowezi aliandikwa, na aliyependeza ukutani akalindwa kwa leseni.

Hapa ndipo risasi ndogo inapoingia, nayo ina historia ya ajabu kidogo. Wawindaji wengi wa Afrika waliamini kwamba mnyama mkubwa hutaka risasi kubwa. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua zaidi ya elfu moja katika maisha yake, alitumia sana bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya kupigia paa. Siri yake ilikuwa kulijua fuvu la ndovu na kuipitisha risasi nyembamba ndefu mahali pake. Haipendezi kusoma hesabu ya ndovu wale leo. Lakini hoja ya Bell kwamba usahihi hushinda uzito ilipata wafuasi mbali sana na Karamoja, miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kuona ndovu.

Watu hao walikuwa wakulima na wapenda shabaha wa Marekani. Shida yao ilikuwa wanyama wadogo wa kuchimba mashimo malishoni, walioonekana kwa mbali na kuzama ndani mara moja. Walihitaji kichwa chepesi cha inchi 0.22, chenye kwenda kasi sana ili njia yake isipinde. Katika miaka ya 1920 maofisa na mafundi waliozunguka ghala la silaha la Springfield walichukua ganda la zamani la baruti nyeusi wakalijaza baruti mpya, na mwaka 1930 Winchester ikaanza kuuza risasi iliyoitwa .22 Hornet. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 45, ambazo hazifiki gramu tatu. La kuchekesha ni kwamba risasi ziliuzwa kabla ya kiwanda chochote kutoa bunduki ya kuzipiga. Mwaka 1935 ikafuata .220 Swift, ya kwenda zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde.

Nyuma ya risasi hizo kulikuwa na meza nyingi za jikoni na za karakana. Mtu aliokota ganda alilolipiga, akaling'oa fataki iliyokwisha kazi, akalirudisha katika umbo lake kwa kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma, akaweka fataki mpya, akapima baruti kwa mizani ya kuhesabu sehemu ya kumi ya greni, akakalisha kichwa mdomoni. Akaenda kupiga kwenye karatasi, akabadilisha kipimo kidogo, akapiga tena. Alifanya hivyo kwa kuwa risasi ya dukani ilikuwa ghali, na pia kwa kuwa kila mtutu una tabia yake: mchanganyiko unaokusanya matundu pamoja kwa bunduki hii huyatawanya kwa ile. Risasi ya .22-250 ilikuwa ya kujijazia nyumbani kwa miongo kadhaa kabla Remington haijaikubali rasmi mwaka 1965. Mara chache sana kiwanda humfuata mteja namna hiyo.

Mbona ufundi huo haukuota mizizi Nakuru, ambako walowezi walikuwa na mashamba, waharibifu na bunduki? Sababu moja imo ndani ya ganda lenyewe. Kwa mzaha wa historia, fataki ya Boxer Mwingereza ilipendwa Marekani, na ile ya Berdan Mmarekani ikatawala Uingereza na Ulaya. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, sindano hupita na kuisukuma fataki nje. La Berdan lina matundu mawili madogo pembeni na kinundu cha shaba katikati, na kuling'oa fataki yake kunahitaji ndoana, maji ya shinikizo au subira ya pekee. Risasi za Kynoch kutoka Birmingham, zilizojaa maduka ya Afrika Mashariki, kwa kawaida zilikuwa za Berdan. Halafu kulikuwa na joto. Kordaiti huzidisha shinikizo ikipata joto, ndiyo maana watengenezaji walifunga risasi maalumu za nchi za tropiki zenye baruti kidogo zaidi. Mlowezi mwenye akili aliiacha kazi hiyo Birmingham.

Kwa wakulima Waafrika swali hilo halikuwapo kabisa. Kwa jumla serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kushika bunduki ya kisasa isipokuwa amevaa sare, na upinde wake uliitwa ujangili. Mnyama alipokuwa kero, alitumwa mwindaji wa serikali. Kati ya 1944 na 1946, J.A. Hunter alipelekwa Makueni kusafisha ardhi ya makazi mapya ya Wakamba, akaua vifaru 996. Kwa kipimo cha leo idadi hiyo ni msiba. Kwa karatasi za wakati ule ilikuwa kazi iliyokamilika.

Vita vya msituni vilionyesha thamani halisi ya risasi moja. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tyubu, nazo mara nyingine zilimtisha mpigaji kuliko mpigwaji. Bunduki iliwezekana kuundwa msituni. Risasi ilibidi iibwe, iporwe au inunuliwe kwa siri, moja moja. Serikali ilijua hivyo, na kanuni zake zikafanya kupatikana na silaha au risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa bastola, na shtaka la pili lilikuwa risasi sita.

Wiki sita hivi baada ya uhuru, zamu ikawa ya Lanet. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi tarehe 20, wa Uganda tarehe 23, na jioni ya tarehe 24 askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles, waliochoshwa na mishahara midogo na maofisa wa Kiingereza wasioondoka, walivunja ghala la silaha la kambi. Jomo Kenyatta alikuwa amelihutubia taifa redioni bila kuwapa waliyoyangoja. Wapiga mizinga wa Kiingereza wa 3rd Royal Horse Artillery waliletwa kuzima maasi, askari mmoja akafa, na baadaye kikosi kizima kikavunjwa. Husemwa kwamba ulikuwa mgomo wa mishahara, na ni kweli. Lakini hatua ya kwanza ya waliogoma ilikuwa kwenda kwenye ghala, kwa sababu bunduki ya jeshi lililotulia hulala tupu.

Mlango wa mwindaji wa kiraia ulifungwa Mei 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku nchini kote. Kwa muda ndege waliendelea kupigwa, na Nakuru ikawa miongoni mwa wilaya za majaribio ya kuvuna wanyama wa mashambani, mpaka uvunaji huo ukakoma mwaka 2003. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humwekea mwenye cheti idadi ya risasi anazoweza kumiliki, nayo baruti ina sheria yake ya vilipuzi. Mkulima wa Bahati au Mau Narok anayevamiwa na nyani hutegemea mbwa, manati, kelele za watoto na simu kwa Shirika la Wanyamapori. Sioni ubaya katika marufuku yenyewe. Ila aliyelala njaa kwa sababu ya nyani haoni faida ya kulindiwa nyani, na fidia huchelewa.

Risasi ya wakulima wa Marekani, hata hivyo, ilifika. Mwaka 1950 Mike Walker wa Remington alitoa .222, ndogo, sahihi, ya kupigia waharibifu. Miaka michache baadaye ganda lake lilirefushwa kidogo kwa ajili ya bunduki mpya ya kijeshi, na likazaa risasi ya milimita 5.56 ambayo NATO iliifanya ya kawaida mwaka 1980. Ni miongoni mwa risasi zinazotengenezwa na Kenya Ordnance Factories huko Eldoret, kiwanda kilichojengwa kwa ufundi wa FN ya Ubelgiji na kuanza kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Bonde la Ufa likawa linajaza risasi zake lenyewe tena, safari hii kwa mashine na kwa amri ya serikali.

Wala hazikubaki zote mikononi mwa serikali. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ilichapisha utafiti kuhusu risasi haramu Turkana Kaskazini. Watafiti walikusanya risasi kutoka kwa wafugaji na kuzigeuza kutazama kitako, kwa kuwa pale ndipo kiwanda hupiga chapa ya jina na mwaka. Nyingi za aina inayotumiwa na bunduki ya G3 zilikuwa na herufi za Eldoret, na ripoti ikahitimisha kwamba polisi ndio walikuwa chanzo cha karibu nusu ya risasi zilizozunguka wilayani humo.