Baiyun: Shule za Bweni za Michezo Huishi kwa Mfuko wa Nani?

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki waendao China wanalijua jina la Baiyun, hata kama hawajui maana yake. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Guangzhou unaitwa kwa jina hilo, na mtaa wa Sanyuanli, ambako Waafrika wamekuwa wakinunua bidhaa kwa jumla kwa miaka mingi, umo ndani ya wilaya ya Baiyun. Maana ya neno lenyewe ni mawingu meupe, nalo limetokana na mlima wenye kimo cha mita 382 unaoutazama mji huo kutoka kaskazini.

Lakini Baiyun ina nafasi nyingine katika historia, isiyojulikana sana na wanaofuata bidhaa. Ni chini ya mlima huo ambako fedha za kiwanda zilianza kuingia katika kandanda ya China, mwaka 1984. Njia iliyofunguliwa hapo ilifika, miaka 28 baadaye, kwenye shule ya bweni ya kandanda iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Historia ya njia hiyo inagusa swali ambalo wazazi wengi, wa China na wa Afrika Mashariki pia, huchelewa kuliuliza: shule ya namna hiyo huishi kwa fedha za nani?

Serikali ilipokuwa mzazi

Shule za michezo za China zilianza katikati ya miaka ya 1950 kwa kuiga mfano wa Muungano wa Kisovieti. Mtoto alichaguliwa kwa sababu ya urefu wake, wepesi wake au nguvu zake, kisha serikali ikabeba mzigo wa kocha, kitanda na chakula. Mzazi alitoa mtoto. Dola ilitoa mengine yote. Lengo lilikuwa medali na heshima ya taifa, kwa hiyo hakuna aliyetarajia shule hizo zijilipie.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 1978, Deng Xiaoping alipofungua milango ya uchumi. Miji na mikoa ilitakiwa ijitafutie sehemu kubwa zaidi ya mapato yake, na idara za michezo zikajikuta zikigombania fedha na barabara, hospitali na nyumba za wafanyakazi.

Mjini Guangzhou jibu lilitoka katika kiwanda cha dawa. Kiwanda cha Baiyunshan, kilichoanzishwa mwaka 1973 na kupewa jina la mlima huo, kilikubali mwaka 1984 kuipa timu ya kandanda ya mji yuan 200,000 kila mwaka. Timu ikachukua jina la mfadhili wake, na ikahesabiwa kuwa ya kwanza nchini China kulelewa kwa fedha za kampuni. Mwaka 1993 ilipata mfadhili mwingine, kampuni ya Apollo iliyouza dawa za kuimarisha afya, ikawa miongoni mwa klabu za mwanzo kabisa za kulipwa nchini humo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha hizo hazikutoka kwenye mpira. Hazikuwa za viingilio wala za kuuza wachezaji. Zilitoka kwenye vidonge. Kiwanda kilihitaji jina lake litajwe, na timu ilikuwa ubao wa matangazo unaokimbia. Tangu siku hiyo, malezi ya wanamichezo wa Guangzhou yalikuwa na mfuko mwingine nyuma yake, na afya ya mfuko huo haikutegemea mabao.

Amana za wazazi matajiri

Miaka ya 1990 mkoa wa Guangdong ulishuhudia kuzuka kwa shule binafsi za bweni kwa ajili ya watoto wa matajiri wapya. Hazikuwa shule za michezo, lakini ndizo zilizoufundisha mkoa huo kwamba shule ya kifahari yaweza kusimama kwa hesabu inayofanywa nje ya darasa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mzazi aliweka amana shuleni, ambayo katika shule za juu ilifikia yuan 300,000. Mtoto alipomaliza masomo, mzazi alirudishiwa amana yake yote. Shule iliishi kwa kuzizalisha fedha hizo. Tangu Julai 1993, riba ya amana ya mwaka mmoja katika benki za China ilikuwa asilimia 10.98. Hivyo mtoto mmoja aliiletea shule karibu yuan 33,000 kwa mwaka, bila mzazi kuona kwamba amelipa kitu.

Kisha riba ikaanza kushuka. Kufikia Juni 1999 ilikuwa asilimia 2.25, na amana ileile ya yuan 300,000 ikawa inazaa yuan 6,750 tu. Walimu walikuwa walewale na mabweni yalikuwa yaleyale, lakini mapato yalikuwa yamepungua hadi kama sehemu moja ya tano. Shule zilizokuwa zimezifunga amana katika majengo na ardhi hazikuwa na cha kuwarudishia wazazi. Baadhi zilianguka, na mtindo wa amana ukafikia mwisho.

Iliyobaki ikastawi ilikuwa njia nyingine. Mwaka 1994 kampuni ya Country Garden, iliyokuwa na nyumba ambazo hazikupata wanunuzi huko Shunde, kusini mwa Guangzhou, ilijenga shule ya bweni pembeni ya nyumba hizo. Wazazi walioleta watoto walinunua na nyumba. Shule ikawa chambo cha kuuzia ardhi, na makampuni mengine ya ujenzi yakaiga.

Viwanja hamsini

Kampuni iliyoziunganisha njia hizi zote ilikuwa Evergrande, iliyoanzishwa mjini Guangzhou mwaka 1996 na Xu Jiayin, mtoto wa familia maskini ya mashambani katika mkoa wa Henan. Machi 2010 iliinunua klabu ileile iliyowahi kubeba jina la Baiyunshan, kwa yuan milioni 100. Klabu ilikuwa imeshushwa daraja kwa sababu ya kashfa ya kupanga matokeo. Chini ya mmiliki mpya ilitwaa ubingwa wa China mara saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017, na ubingwa wa klabu za Asia mwaka 2013 na 2015.

Septemba 2012 Evergrande ilifungua shule yake ya kandanda mjini Qingyuan, kaskazini mwa Guangzhou. Ujenzi uligharimu yuan bilioni 1.2. Kulikuwa na viwanja vipatavyo 50, majengo yenye minara kama ngome za Ulaya, wanafunzi zaidi ya 2,000 na makocha wa Kihispania walioletwa kwa makubaliano na klabu ya Real Madrid. Karo ilikuwa makumi ya maelfu ya yuan kwa mwaka, ingawa watoto wenye vipaji kutoka familia maskini walipunguziwa au kusamehewa.

Hebu msikilizaji apige hesabu. Tuseme wanafunzi 2,000 wangelipa kila mmoja yuan 50,000, bila hata mmoja kusamehewa. Hiyo ingekuwa yuan milioni 100 kwa mwaka. Ingehitajika miaka 12 kurudisha gharama za ujenzi peke yake, na katika muda wote huo asilipwe mwalimu wala mpishi. Ni wazi kwamba karo haikuwa nguzo ya jengo hilo. Zaidi ya hayo, marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Septemba 2017 yalipiga marufuku shule binafsi za kujipatia faida katika miaka tisa ya elimu ya lazima.

Faida ya Evergrande ilikuwa mahali pengine. Shule ilisimama ndani ya mradi wake mkubwa wa makazi na utalii. Jina la klabu bingwa liliuza nyumba, na azma ya kulea vipaji vya taifa iliipa kampuni sura njema mbele ya viongozi, katika nchi ambako ardhi hugawiwa na serikali za mitaa.

Mlango wa FIFA

Kuna wanaoamini kwamba shule kama hizi hujilipa kwa kuuza wachezaji. Ni kweli kwamba kanuni za FIFA za mwaka 2001 ziliweka fidia ya malezi, pamoja na mgao wa hadi asilimia 5 ya bei ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini mlango huo una vizingiti viwili. Kwanza, fedha hulipwa kwa klabu zilizosajiliwa, si kwa shule kama shule, na ndiyo maana shule nyingi hujifunga na klabu. Pili, lazima mchezaji anunuliwe, na wachezaji wa China wanaonunuliwa na klabu za ng'ambo ni wachache mno. Mavuno huchukua miaka kumi kuiva, na katika watoto elfu moja wanaoivishwa ni wachache tu.

Mwaka 2021 mfuko wa Evergrande ulipasuka. Kampuni ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, na mwisho wa mwaka huo ilishindwa kulipa wadai wa nje. Mwaka 2022 klabu, ikiwa imewapoteza nyota wake, iliwasukuma vijana uwanjani, ikashushwa daraja. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni ivunjwe, na Januari 2025 klabu ya Guangzhou yenyewe ilikoma, baada ya kushindwa kumaliza madeni yake na kunyimwa leseni. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichosababishwa na mtoto kukosa bao.

Mifuko ya Afrika Mashariki

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atazitambua sura hizi. Sekondari ya Makongo jijini Dar es Salaam, iliyopata sifa kubwa ya michezo katika miaka ya 1990, ilikuwa chini ya jeshi. Mfuko wake ulifanana na ule wa China ya zamani. Nchini Uganda, shule ya bweni ya St Mary's Kitende, kando ya barabara ya Entebbe, ina mfuko wa namna nyingine. Mmiliki wake, Lawrence Mulindwa, rais wa zamani wa shirikisho la kandanda la nchi hiyo, ndiye pia mmiliki wa klabu ya Vipers, ambayo uwanja wake ulifunguliwa Kitende mwaka 2017. Shule hiyo inasifika kwa matokeo ya mitihani kama inavyosifika kwa kandanda. Wazazi wengi hulipa karo kwa ajili ya mitihani, na shule hutoa nafasi za ufadhili kwa wachezaji, ambao nao huzidi kuitangaza.

Huko Florida, Marekani, mwalimu wa tenisi Nick Bollettieri alianzisha mwaka 1978 kituo kilichokuja kuitwa IMG Academy. Humo mzazi hulipa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 kiliuzwa kwa dola bilioni 1.25. Hapo mfuko ni wa mzazi mwenyewe, na asiye nacho huingia tu akichaguliwa kufadhiliwa.

Kila mfuko una udhaifu wake. Wa serikali hubadilika na sera, wa benki hubadilika na riba, na wa kampuni huondoka na kampuni. Mfuko wa karo za masomo hukua polepole, lakini una kinga moja: mlipaji anapata kile alicholipia, yaani elimu, hata timu ikifungwa. Zaidi ya hapo, mtoto ambaye hatakuwa mchezaji, na hao ndio walio wengi, huondoka na cheti chenye thamani.

Kamba hukatikia pembamba, na katika shule za bweni za michezo upande mwembamba ni mtoto wa miaka 11 aliyetoka kwao na begi moja. Mzazi anayeonyeshwa viwanja vya nyasi na vikombe vya fedha anayo haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutia saini: ni nani anayelipa pengo kati ya karo na gharama, na mtoto atasoma wapi siku huyo akiacha kulipa?