Hija ya Obando: Sala ya Wanaoomba Mtoto



Mwezi wa Mei ni mwezi wa Bikira Maria, na katika mwezi huo mawazo ya Wakatoliki wengi huelekea Lurdi na Fatima, mahali ambapo habari zake tumezisikia tangu utotoni. Juma hili tunawaalika kwenda nasi mbali zaidi, hadi visiwa vya Ufilipino, kwenye mji mdogo wa Obando katika mkoa wa Bulacan, kilometa zipatazo 16 kaskazini mwa Manila. Ni nchi tambarare ya kando ya Ghuba ya Manila, nchi ya mabwawa ya samaki na ya wavuvi. Huko hakuna mlima wa kupanda wala chemchemi ya kuoga. Mahujaji huenda Obando kucheza. Kila mwaka, tarehe 17, 18 na 19 Mei, wake kwa waume huandamana mitaani nyuma ya sanamu tatu, wakipiga hatua za ngoma, na wengi wao wana nia moja tu moyoni: kumwomba Mungu awajalie mtoto.

Obando ilipata kuwa mji unaojitegemea mwaka 1753, ikapewa jina la gavana wa Kihispania wa wakati ule, Francisco José de Ovando. Walioichunga kiroho walikuwa Wafransisko, ambao walikwisha kufika Ufilipino tangu mwaka 1578. Lakini watu wa nchi hiyo, Watagalog, walikuwa na dini yao kabla ya msalaba kufika. Walikuwa na makuhani, wengi wao wanawake, walioitwa katalonan, ambao waliongoza ibada za mavuno, za kuponya wagonjwa na za kuomba uzazi. Wapo wanahistoria wa Kifilipino wanaosikia katika ngoma ya Obando mwangwi wa ibada hizo za kale. Ikiwa ni hivyo, basi wamisionari walifanya jambo la busara: hawakuikataza ngoma, bali walimbadilisha yule anayeelekezewa. Miguu ikabaki ileile, sala ikapata anwani mpya.

Sanamu zinazotembezwa ni tatu, na kila moja ina siku yake. Ya kwanza ni ya Mtakatifu Paskali Baylon, bradha Mfransisko wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1540 na kufariki tarehe 17 Mei 1592. Alikuwa mchungaji wa kondoo, kisha bawabu na mpishi wa konventi, mtu asiye na elimu kubwa lakini mwenye upendo wa ajabu kwa Ekaristi Takatifu, hata Papa Leo XIII akamtangaza mwaka 1897 kuwa msimamizi wa Kongamano za Ekaristi. Husimuliwa kwamba alikuwa akicheza mbele ya sanamu ya Mama Maria kwa furaha, akidhani hakuna anayemwona. Jina lake nalo, katika masikio ya Wahispania, linakaribiana sana na neno la kucheza. Tusishangae basi kwamba watu wa Obando walimpenda.

Wa pili ni Mtakatifu Klara wa Assisi, ambaye heshima yake katika eneo hilo ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Hapa lugha imefanya kazi ya kupendeza. Neno la Kihispania «clara» ni jina la mtakatifu, lakini vilevile ni ute mweupe wa yai, na pia hutumika kwa anga safi isiyo na mawingu. Kutokana na hayo ilizuka desturi, Hispania na baadaye Ufilipino, ya kupeleka mayai kwa Mtakatifu Klara ili mvua isinyeshe siku ya harusi. Hadi leo wachumba wa Kifilipino huwapelekea masista Waklara mayai, nao masista huwaombea. Katika Obando yai likaongezewa maana nyingine ambayo haihitaji kufafanuliwa. Wasichana humwomba Klara mume mwema, na wanandoa humwomba mtoto.

Wa tatu ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, anayeitwa huko Mama Yetu wa Salambao. Salambao ni wavu mkubwa unaotandazwa kwenye mianzi iliyopingana, ukafungwa juu ya chelezo na kushushwa majini. Simulizi la mji linasema kwamba tarehe 19 Juni 1763 wavuvi wawili, Juan na Julian dela Cruz, waliinua wavu wao wakakuta ndani yake sanamu ya Bikira Maria. Walipotaka kuipeleka mji mwingine, chombo kikawa kizito kisisogee. Walipogeuza nia na kuelekea Obando, kikawa chepesi. Wakati ule Manila yenyewe ilikuwa mikononi mwa jeshi la Waingereza, lililoiteka mwaka 1762 na kuondoka mwaka 1764. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu mara nyingi tunasoma simulizi za namna hii kana kwamba zilitokea katika nchi isiyo na vita wala njaa. Watu waliompokea Mama huyo walikuwa watu wenye hofu.

Hata hivyo, si kila mtu aliyeitazama ngoma ya Obando aliona sala. Mwaka 1887 José Rizal, ambaye Wafilipino humheshimu kama shujaa wa taifa, alitoa riwaya yake Noli Me Tángere. Humo yumo Doña Pia, mwanamke aliyekaa miaka sita katika ndoa bila mtoto. Baada ya kuzunguka mahali pengi pa hija, padre mmoja anamshauri aende Obando akacheze. Anacheza, anaomba mwana wa kiume, anapata binti, ambaye anaitwa Maria Clara kwa heshima ya Mama wa Salambao na Mtakatifu Klara. Mwishowe msomaji hugundua kwamba baba wa mtoto huyo ni padre yuleyule aliyetoa ushauri. Ni dhihaka kali, nasi wakleri hatuna haki ya kuigeuzia uso. Rizal hakuwa akiwacheka maskini wanaocheza. Alikuwa akiwashtaki wachungaji waliofanya biashara na machozi ya kondoo wao.

Pigo la pili lilitoka ndani ya Kanisa lenyewe. Kanisa la Obando liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baada ya vita uongozi wa Kanisa ulipiga marufuku ngoma kwa kuiona kuwa ni mabaki ya upagani. Maandamano yakabaki, sanamu zikabaki, watu wakatembea kimya. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi.

Tukiyatafakari hayo, tunamkumbuka Hana, mke wa Elkana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa kukosa mtoto, akaomba kwa midomo yake tu, sauti isisikike. Kuhani Eli alimtazama akadhani amelewa, akamkemea. Eli hakuwa kuhani mbaya kuliko wengine. Alikuwa mlinzi wa heshima ya nyumba ya Mungu, na alichokiona hakikufanana na sala aliyoizoea. Sifa yake ni kwamba alipoelezwa alisikiliza, na papo hapo akageuza karipio lake kuwa baraka.

Katika Obando kugeuka huko kulitokea mwaka 1972. Paroko, Padre Rome Fernandez, akisaidiana na viongozi wa mji, aliirudisha ngoma katika sikukuu ya Mei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kusema, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, kwamba Kanisa halitaki kulazimisha sura moja katika mambo yasiyogusa imani, na kwamba vipaji vya kila taifa vistahili heshima. Ndugu zetu wa Kongo wanaufahamu vema ukurasa huo, kwa maana ndio uliowafikisha kwenye Misa ya Kizaire iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ambamo watu hucheza kwa utaratibu kuizunguka altare. Tofauti ipo: ngoma ya Kongo ni sehemu ya liturujia, ya Obando ni ibada ya watu. Lakini swali lililoulizwa ni lilelile, kama mwili wa mtu unaweza kusali pamoja na midomo yake. Mfalme Daudi alikwisha kulijibu mbele ya Sanduku la Agano, huku Mikali akimdharau dirishani. (Maandiko yanaongeza kwamba Mikali hakuzaa hadi kufa kwake. Tafadhali, mtu yeyote asiutumie mstari huo kumjeruhi mwanamke asiye na mtoto.)

Jambo linalotugusa zaidi katika hija hii ni kwamba mume hucheza. Mnajua jinsi mambo yalivyo katika nyumba zetu nyingi. Mtoto asipopatikana, anayetazamwa ni mke. Mama mkwe humsema, mawifi humsimanga, naye huzunguka peke yake kwa waganga na kwa waombeaji wa kila namna, akilipa. Mume hubaki nyumbani kana kwamba shauri hilo halimhusu, au huanza kutafuta mwanamke mwingine. Sayansi ya tiba imekwisha kuonyesha kwamba tatizo huweza kuwa la upande wowote, au la pande zote mbili. Obando, bila sayansi hiyo, iliwaweka mume na mke barabarani bega kwa bega mchana kweupe, mbele ya mji mzima, na mji mzima ukicheza nao.

Je, wanapata? Wapo wanaopata, nao hurudi mwaka unaofuata kushukuru, mtoto akiwa mikononi. Wapo wasiopata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba mtoto ni zawadi wala si haki ambayo mtu anaweza kuidai, na kwamba wanandoa waliotafuta msaada halali wa tiba wakakosa wanaweza kuunganisha mateso yao na Msalaba wa Bwana na kuonyesha ukarimu wao kwa kuwalea watoto walioachwa. Kwa hiyo hatua za ngoma si dawa, na padre anayeahidi kwamba zitazaa matunda baada ya miezi tisa anastahili kalamu ya Rizal.

Hata hivyo bendi inapoanza kupiga asubuhi ya tarehe 17 Mei, wanaoshukuru na wanaoomba hawapangwi katika mistari tofauti. Aliyebeba mtoto hucheza kando ya yule aliyekuja mikono mitupu, nyuma ya Paskali, Klara na Mama wa Salambao, katika mitaa ileile ya mji wa wavuvi.