Visikizi vya kuziba masikio: Jinsi ya kuvichagua na kuvivaa bila maumivu

ANAYESAFIRI kila siku kwa matatu kutoka Rongai, Kitengela au Githurai hadi katikati mwa jiji la Nairobi huzungukwa na sauti za kila aina: mngurumo wa injini, honi, makanga wanaoita abiria na muziki uliochaguliwa na dereva. Wengi wameamua kujikinga kwa kuvaa visikizi. Hata hivyo, kisikizi kisichokaa barabara sikioni hakimkingi mtu na chochote. Kelele ya nje huendelea kuingia, mvaaji hupandisha sauti ya muziki wake ili aishinde, na sikio hubebeshwa mizigo miwili badala ya mmoja.

Jina lenyewe la kifaa hiki bado halijatulia katika Kiswahili. Wapo wasemao vipokea sauti, wengine husema spika za masikioni, na vijana wa barabara ya Luthuli, ambako bidhaa hizi huuzwa kwa wingi, hawana subira na lolote kati ya hayo. Kwao ni iafoni tu. Makala haya yatatumia neno visikizi kwa kuwa ni fupi.

Kuna aina mbili za visikizi vidogo ambazo wanunuzi wengi huzichanganya. Ya kwanza hukaa kwenye kibonde cha nje cha sikio bila kuingia ndani, mfano wa vile vyeupe vilivyouzwa pamoja na iPod ilipozinduliwa mwaka wa 2001. Hivi haviziba chochote. Aina ya pili ina kizibo laini cha silikoni au sponji ambacho huingia katika mfereji wa sikio na kuufunga. Hivi ndivyo tunavyovizungumzia hapa.

Asili ya visikizi vya kuziba si burudani bali ni tiba. Mhandisi Mmarekani, Mead Killion, alianzisha kampuni ya Etymotic Research katika jimbo la Illinois mwaka wa 1983, na miongoni mwa bidhaa zake za awali vilikuwa visikizi vya kutumbukizwa sikioni wakati wa kupima uwezo wa mgonjwa wa kusikia. Mwaka wa 1991 kampuni hiyo ilitoa ER-4, visikizi vya kusikilizia muziki vilivyojengwa juu ya ujuzi huo. Miaka minne baadaye Jerry Harvey, aliyekuwa fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vya kumwezesha kusikia wenzake jukwaani pasipo kuzidiwa na kishindo. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa hiyo, tangu mwanzo nia ilikuwa kuzuia kelele ili msikilizaji atosheke na sauti ya chini.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), likishirikiana na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Desibeli si kama kilo au lita: kila zinapoongezeka tatu, nguvu ya sauti huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Hivyo, kwa desibeli 83 muda ni saa 20. Kwa 86 ni saa 10. Kwa 89 ni saa tano pekee.

Tumchukue abiria anayetumia saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, siku tano kwa juma. Hizo ni saa 10. Akiwa na visikizi vilivyolegea, ndani ya gari lenye kelele ya desibeli 80, itambidi apandishe muziki hadi 88 au 90 ndipo asikie maneno ya wimbo. Tayari amevuka mpaka, na hatujahesabu saa anazosikiliza akiwa ofisini au kitandani. Visikizi vilivyokaa vyema vinaweza kupunguza kelele ya nje kwa desibeli 20 hadi 30, na vile vinavyoingia ndani zaidi huweza kupita hapo. Tukikata 25 kutoka kwa 80 inabaki 55, chini kidogo ya sauti ya watu wawili wanaozungumza kwa utulivu. Abiria yule sasa atasikia kila kitu kwa desibeli 70, na sikio lake litabaki salama.

Sharti ni kwamba sauti ipunguzwe kweli. Anayeziba masikio kisha akaacha muziki pale pale ulipokuwa hajafaidi kitu. Mwaka wa 2022 WHO ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki na sauti nyingine za burudani. Seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo, zikifa hazioti tena.

Umbo la sikio

Ili kuelewa ni kwa nini visikizi vinavyomfaa jirani yako vinakuumiza wewe, ni muhimu kujua vinapoingia. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban milimita 25 na upana wa milimita saba hivi. Haukunyooka, umepinda mara mbili, mfano wa herufi S iliyolazwa. Theluthi ya nje imezungukwa na gegedu, nayo ni laini na yenye kunyumbuka. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na ngozi iliyoufunika mfupa huo ni nyembamba mno. Kizibo kikigusa hapo kwa nguvu, maumivu huja mara moja.

Aidha, kiungo cha taya kiko mbele tu ya mfereji huo. Unapotafuna au kuzungumza, umbo la mfereji hubadilika. Ndiyo sababu visikizi vilivyotulia ukiwa kimya huanza kuchomoka unapokula mahindi ya kuchoma. Vilevile, sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kutofautiana. Si ajabu mtu kuhitaji kizibo kidogo upande mmoja na cha wastani upande wa pili, wala hakuna sheria inayodai vilingane.

Kujaribu na kuvaa

Pakiti nzuri huwa na vizibo vya silikoni vya angalau saizi tatu. Wanunuzi wengi hutumia vile vilivyowekwa tayari na kiwandani na kuvitupa vingine dukani. Hilo ni kosa kubwa kuliko kununua visikizi vya bei rahisi, kwani kifaa cha shilingi elfu moja kilichoziba sawasawa kitamfaa mvaaji kuliko cha shilingi elfu ishirini kinachopitisha hewa.

Kuvaa pia kuna namna yake. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio na kulivuta taratibu juu na nyuma. Kufanya hivyo hunyoosha ule mpindo wa mfereji. Kwa mkono wa kulia ingiza kisikizi polepole huku ukikizungusha kidogo, kisha achilia sikio lirudi mahali pake. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Usisukume kwa nguvu wala usisukume ukisikia maumivu.

Kizibo cha sponji kina utaratibu tofauti. Kikunje kwa vidole vilivyo safi na vikavu hadi kiwe chembamba, kiingize upesi kabla hakijafura, kisha kishikilie kwa nusu dakika kikijaza nafasi. Sponji husamehe makosa ya umbo kuliko silikoni na haibani sana, lakini huchakaa. Ikishakuwa ngumu, au ikifura upesi mno unapoikunja, inunuliwe nyingine. Kuna pia silikoni yenye mikunjo mitatu, iliyopangana kama sahani ndogo juu ya kubwa. Hii huingia ndani zaidi na kuziba kwa nguvu, ila wengi hawaivumilii siku za kwanza.

Utajuaje kwamba umeziba? Zungumza kwa sauti ya kawaida. Ikiwa sauti yako inavuma kichwani kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, mfereji umefungika. Kisha cheza wimbo wenye besi unaoujua vyema. Besi ndiyo ya kwanza kutoroka penye upenyo, hivyo muziki ukisikika mwembamba na mkali, usilaumu kiwanda kabla hujabadilisha kizibo. Baadhi ya visikizi visivyo na waya, kama AirPods Pro vilivyotolewa mwaka wa 2019, vina jaribio la kupima jambo hili kupitia simu.

Maumivu nayo yana lugha yake. Yakiwa mlangoni mwa sikio baada ya nusu saa hivi, kizibo ni kikubwa mno. Yakiwa kwenye kibonde cha nje, kizibo hakina hatia. Ni mwili wa kisikizi unaogandamiza gegedu, na dawa ni kuchagua muundo mdogo zaidi. Hisia ya kujaa, kama ya kushuka mteremko wa Mai Mahiu, hutokana na hewa iliyonaswa ndani. Vuta sikio kidogo ili hewa itoke. Mwasho na joto huweza kuashiria kwamba ngozi haipatani na kizibo hicho, au kwamba kuna unyevu na ukungu. Na kisikizi kikichomoka kila mara, watu wengi hukimbilia kukisukuma zaidi, ilhali kinachotakiwa aghalabu ni saizi kubwa kidogo.

Kuishi navyo

Siku za kwanza huwa ngeni. Hatua zako husikika kama mtu anayetwanga, na kutafuna huwa kishindo. Hii ni kwa sababu mitikisiko ya mifupa ya kichwa, ambayo kwa kawaida hutoka nje kupitia mlango wa sikio, sasa imefungiwa. Anza na dakika 20 au 30 kwa siku, uongeze polepole. Waya unaosuguana na shati huleta mkwaruzo. Uzungushe juu na nyuma ya sikio ndipo uushushe, na kelele hiyo itapungua sana.

Wauzaji hupenda kuchanganya uzibaji huu na teknolojia ya kufuta kelele kwa umeme. Teknolojia hiyo hutumia maikrofoni kunasa sauti ya nje na kutoa wimbi la kuipinga. Huwa hodari dhidi ya mngurumo mzito unaoendelea, kwa mfano wa injini ya ndege au basi, lakini hafifu dhidi ya sauti kali za ghafla, na hizo ndizo kizibo huzidhibiti vyema. Visikizi vingi vya siku hizi vina vyote viwili, na kizibo kikilegea hata umeme huo hufanya kazi nusunusu.

Kuna mahali visikizi hivi havifai kabisa. Anayevuka barabara, anayeendesha bodaboda au baiskeli, na anayetembea kandokando ya reli inayopita Kibera anahitaji masikio yake yote. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaofua mabati mchana kutwa nao wasidhani kwamba visikizi vya muziki ni kinga ya kazini. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, na kinga inayostahili ni ile iliyopimwa na kuidhinishwa kwa kazi hiyo.

Usafi ni suala jingine. Nta ya sikio hutengenezwa katika ile theluthi ya nje na kwa kawaida hutoka yenyewe. Kizibo huizuia, na wakati mwingine huirudisha ndani. Vua vizibo vya silikoni mara moja kwa juma, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Kiwavu kidogo kilicho mdomoni mwa kisikizi kifutwe kwa brashi laini, kikiwa kimeelekezwa chini ili uchafu udondoke nje. Usichokoe sikio kwa vijiti vya pamba, kwa kuwa huisukuma nta kuelekea kwenye kiwambo. Katika miji yenye joto na unyevu kama Mombasa na Lamu, subiri masikio yakauke baada ya kuoga, kuogelea au kutawadha. Usiazimane visikizi. Mwenye sikio linalotoa usaha, au aliyewahi kutoboka kiwambo, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo kwa anayesikia mlio au uziwi unaoendelea hata baada ya kuvua.

Kuvua nako kusifanywe kwa pupa. Kuchomoa kwa ghafla huvuta kiwambo kama mtu anayenyonya chupa. Zungusha kisikizi kidogo hewa iingie, ndipo ukitoe taratibu, halafu ukitazame. Kizibo kikiwa kimebakia sikioni, usijaribu kukifuata kwa kibano wala pini ya nywele. Nenda hospitali au zahanati iliyo karibu, kikatolewe na mhudumu mwenye taa na vifaa vya kuona ndani.