Kahawa na Ganda Lake

Kahawa haioti Zuzu. Mvua ya nchi hiyo, magharibi kidogo ya mji wa Dodoma, ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo hukoma Aprili. Lakini Wagogo, ambao tangu kale waliweka mtama na uwele katika vilindo ndani ya tembe, walilijua vema shina la jambo tunalolizungumza: kitu kikavu hakina budi kukingwa na unyevu.

Wahaya nao waliijua njia yao. Buni mbichi zilichemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, zikaanikwa, zikatafunwa na wenyeji na wageni bila kukobolewa. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 akielekea Kaze, aliandika habari za kahawa hiyo ya Karagwe. Twaona basi kwamba kifuko cha kwanza cha kahawa kilikuwa ganda lake yenyewe. Hata Wachaga, waliounda chama chao cha KNCU mwaka 1933, hawakuliondoa ganda la ndani shambani. Lilibaki mpaka kiwandani Moshi, likiilinda punje.

Taabu huanza kahawa ikikaangwa. Punje iliyokaa miezi mingi ikiwa mbichi sasa hupoteza harufu kwa majuma machache, kwa kuwa oksijeni huyaharibu mafuta yake. Mwaka 1900 Hills Bros. wa San Francisco walianza kuuza kahawa katika makopo yaliyoondolewa hewa. Ila kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa kabonidioksaidi, nayo huweza kukifurisha chombo kilichozibwa. Ikabidi iachwe kwanza ipumue, na harufu nayo ikatoka humo humo! Katika miaka ya 1960 Luigi Goglio wa Italia alitoa dawa: kilango kidogo kwenye mfuko, kitoacho hewa bila kuiingiza.

Kwa muda mrefu imesemwa kwamba Afrika haina budi kuuza kahawa mbichi kwa magunia, maana iliyokaangwa haiivumilii safari ya bahari. Tangu kupatikana kilango hicho, hoja hiyo imepungua nguvu sana. Kilichobaki ni ushuru, mitaji, na mazoea ya wanunuzi. Bukoba ilichagua njia nyingine, ya kahawa ya unga iyeyukayo majini, ile ya Tanica. Unga huo huvuta unyevu upesi. Kopo lililofunguliwa Zuzu wakati wa kiangazi hukaa bila kuganda. Kule ziwani ulikotengenezwa, kijiko kimoja chenye maji chatosha kuufanya donge.